Miche ya Kahawa na Namba za Mtihani

Jumatatu, 18 Oktoba 1999

Wasichana saba wa Kidato cha Nne wamekataa namba za mtihani! Eti ni alama ya mnyama. Kawalisha maneno huyo Obed, anayejiita Mtumishi, anayehubiri sokoni Karatu. Dunia inaisha Desemba, waende wakamsubiri Bwana mlimani, kule Engaresero. Kiongozi wao Evarista. Evarista wangu, ninayemfundisha mwenyewe! Kichwa cha shule nzima.

Mkuu wa shule anataka kuwafukuza. Nikamwambia ukiwafukuza, unampakilia Obed abiria kwenye pikapu yake. Akanuna. Na anune.

Alhamisi, 21 Oktoba

Nimewasihi weee. Wapi! Evarista ananijibu kwa mistari ya Biblia, na binti wa mwinjilisti ni mimi! Rafiki yake Dorkasi ameshagawa godoro lake. Naogopa.

Jumanne, 26 Oktoba

Jamani! Nimemkuta Evarista kwenye kitalu cha shule, jua kali, anamwagilia miche ya kahawa. Wala si zamu yake. Nikamuuliza, hii itazaa lini? Akajibu papo hapo — miaka mitatu, Madam, ikitunzwa.

Miaka mitatu, na dunia inaisha Desemba! Akajisikia mwenyewe, akaanza kucheka, kisha akalia kwa kwikwi. Mama yake walimzika kijijini Baray mwezi Machi. Obed kamwahidi atamwona tena mama kabla ya Krismasi. Mshenzi yule! Nikamkumbatia na tope lake lote.

Ijumaa, 29 Oktoba

Evarista kachukua namba! Kawafuata wenzake mmoja mmoja, watano wamerudi. Mkuu anatamba ofisini kana kwamba ni kazi yake. Atambe tu, nina furaha mimi. Bado Dorkasi.

Jumatatu, 1 Novemba

Sita wamo ndani ya chumba cha mtihani! Ila pikapu ya Obed iko getini, Dorkasi kakaa nyuma na sanduku lake. Evarista kaomba ruhusa kwa msimamizi, karatasi hazijagawiwa. Katoka mbio.

Naandika nimesimama dirishani. Obed anapiga honi. Evarista hamtazami hata. Kapanda nyuma ya pikapu — Mungu wangu! — kakaa karibu na Dorkasi, wanaongea.

Sanduku linashuka! Evarista kashika upande mmoja, Dorkasi upande wa pili. Obed anafungua mlango wa gari, anawafuata. Thubutu! Ngoja nifike hapo getini —