Siku Arobaini za Chokaa

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefagia hekalu kama kawaida. Viatu mlangoni, ushungi kichwani. Mie Mwislamu, Mtawa Mbudha, miaka yote hii hapa Temeke hatujagombana. Leo nimekuta maji miguuni pa sanamu. Kuba limepata ufa. Kuba hilo kalijenga baba yangu, kwa matumbawe na chokaa. Roho imeniuma.

Jumatano, 6 Novemba
Fundi kaja. Kelvin, kijana wa bara. Mchapakazi, hasikii. Kashusha saruji. Nimemwambia chokaa inapumua, saruji itaikaba. Kasema, "Bibi, wewe fagia." Nimemwambia nafagia hapa tangu wewe unajikojolea. Wenzake wamecheka. Saruji kapaka.

Jumapili, 17 Novemba
Mvua siku tatu. Saruji imebanduka bamba zima, imeng'oa na chokaa ya baba. Imeangukia pale ninapokaaga kupumzika. Sikuwepo, alhamdulillahi. Kamati ya hekalu imekaa. Wanataka kuvunja kuba, waezeke bati. Sijala. Nina hasira.

Jumatatu, 18 Novemba
Wabudha wenyewe wana hadithi yao. Kuba lilianguka mara mbili. Mara ya tatu mtawa wa kwanza akafunga siku arobaini, likasimama. Muujiza, wanasema.

Baba alinisimulia vingine. Mara mbili za mwanzo walimharakisha. Mara ya tatu walimwacha ailaze chokaa shimoni, ndani ya maji, siku arobaini. Mtawa yule alifunga ili wangoje pamoja, yeye na baba.

Sijawahi kumwambia mtu. Niliogopa kuwaharibia dini yao. Shule sikwenda, herufi hizi kanifundisha mkwe wangu uzeeni. Nani atanisikiliza? Kesho nasema.

Jumanne, 19 Novemba
Nimesema. Mbele ya kamati nzima. Mtawa kafumba macho. Nikajua nimemvunja moyo. Kisha kauliza, "Bibi, shimo lilikuwa wapi?"

Nimempeleka nyuma ya jiko. Kasema chokaa ilazwe pale pale. Kamati imekubali kungoja siku arobaini.

Kelvin kanipa shikamoo, ya kwanza tangu aje. Nimempa ugali na dagaa. Kakonda mno yule mtoto.

Jumamosi, 23 Novemba
Chokaa imeingia shimoni. Imechemka, imetoa moshi. Nimelia kidogo. Harufu ya nguo za baba.

Jumamosi, 30 Novemba
Siku ya nane. Nimeikoroga kwa mti, bado ina mabonge. Mtawa kafunga. Mashavu yamemwingia ndani, lakini kila asubuhi anakuja kuangalia shimo.

Magoti yananiuma. Sijui kama arobaini nitaifikia. Kelvin nimemwonyesha kila kitu: ikiwa laini kama samli, ikinata kwenye mwiko bila kudondoka, ndiyo tayari. Nimemtaka arudie. Karudia. Hajakosea.

Maji ya shimo yametulia. Kuba linaonekana humo, na turubai walilolifunika kuzuia mvua, kama kilemba.

Nimemaliza kufagia. Nimevaa viatu. Nimerudi nyumbani.