Fomu ya Kuacha Kilimo

Garissa,
26 Januari 2026

Kwa mjomba wangu, Abti Kerrow,

Assalamu alaikum warahmatullah. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto limetukausha midomo. Sijui huko Balambala, kando ya mto. Bibi, ayeyo wangu, anaendeleaje na goti lake? Matikiti yameiva? Simu bado haziruhusiwi bwenini, na wewe mwenyewe ulisema tuandikiane Kiswahili ili insha yangu ipone, basi vumilia.

Abti, nataka kuacha Kilimo. Nitabaki na masomo saba, yanatosha. Mwalimu wa Kilimo alienda likizo Desemba na hakurudi. Mradi wa mtihani ni bustani ya kunde, kila mtahiniwa na yake. Yangu iko nyuma ya maabara, na tangi liko langoni. Nabeba mitungi minne asubuhi na minne jioni, saa ambazo wenzangu wanasoma Kemia. Bila Kemia hakuna uuguzi, unajua.

Tena jaribio la juzi, alilotupa mwalimu wa Biolojia, nilipata thelathini na moja. Tuliulizwa hatua za kukamua kwa usafi. Nikaeleza nilivyofunzwa na baba kumkamua ngamia: simama kwa mguu mmoja, chombo juu ya paja, chuchu mbili zako, mbili za ndama. Sufuri. Kumbe walitaka kigoda na maji ya uvuguvugu.

Baba yuko na ngamia upande wa Kotile, hapatikani. Tangu mama afariki, wewe ndiye mlezi kwenye faili yangu. Fomu imo ndani. Tia sahihi tu. Mwisho ni tarehe 27 Februari.

Mpwa wako,
Ugbad


Balambala,
1 Februari 2026

Abti Ugbad (maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja),

Wa alaikum salaam. Sisi wazima. Goti la ayeyo linauma akipewa kazi na kupona akialikwa harusini. Matikiti yapo, tumbili wameshaonja.

Fomu yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaifunikia birika. Sitii sahihi.

Sufuri? Ulieleza ukamuaji uliolea watu kutoka Mandera mpaka hapa kabla hicho kitabu hakijapigwa chapa. Nimekifungua kitabu chenu. Kurasa kumi na moja za ng'ombe wa milimani, mpaka kwato zake zimepakwa rangi. Ngamia ana mistari mitatu, na mmoja unatuarifu kwamba ana nundu. Hilo ni tusi lenye jalada. Lakini mtu akikutusi humwachii chumba. Unakaa, unaandika jibu lake upate alama, na siku moja unaandika kitabu chako. Kila Januari tunahesabu walimu waliorudi kama tunavyohesabu mbuzi baada ya fisi kupita, na sasa mnataka kufunga darasa kwa mikono yenu wenyewe.

Nilifundisha Jiografia miaka kumi na minane mjini hapo, mpaka nikachoka kugombana na watu nikaja kugombana na tumbili. Mwanafunzi aliyechoka namjua, na aliyeshindwa namjua. Wewe umechoka.

Zamani aliyesomea Garissa hakuachwa na njaa. Jamaa walimwazima mbuzi wa kukamua, akae naye msimu, akikauka amrudishe. Wangu alikula karatasi, nikamwita Karani. Marehemu mama yako Anab alipoingia kidato cha kwanza, katika shule hiyo hiyo yako, nilimwachia. Ijumaa nilivuka mji kutoka shule ya wavulana, tukakaa nje ya lango tukinywa chai nzito ya maziwa ya Karani. Yeye ananisomea daftari lake la Kilimo kwa sauti, mimi namcheka. Mpaka leo nikinusa chai iliyoungua kidogo, nasikia Anab akisema "mzunguko wa mazao".

Jumatano Dekow wa lori la matikiti atakuletea mbuzi wako. Ayeyo amemchagua mwenyewe, mweupe, sikio limekatwa. Akae kwa matroni. Kunywa maziwa, mwagilia kunde, nyamaza.

Abti wako,
Kerrow


Garissa,
12 Februari 2026

Abti Kerrow,

Salaam nyingi. Afya yangu ni njema. Ya mbuzi ni njema zaidi.

Amekula bustani. Dekow alifika tukiwa gwarideni, akamwonea huruma, akamfunga mahali pa kwanza alipoona majani mabichi. Miche arobaini na miwili, pamoja na kibao cha nambari yangu ya mtihani. Wenzangu wanamwita Msahihishaji.

Nililia, kisha nikacheka, kisha Mama Hinda, matroni wetu, akanipa kikombe cha maziwa ya huyo mbuzi. Ni matamu, hilo nakubali. Akaniangalia nikinywa, akauliza, "Wewe si wa Anab?" Nikamwambia ndiyo. Kumbe alikuwa mpishi hapa enzi hizo. "Na unabeba mitungi, maskini," akasema. "Mama yako hakubeba hata kikombe."

Akanishika mkono mpaka kwenye msikiti wa shule, mahali mabomba ya kutawadhia, ya walimu na ya wasichana, yanapomwaga kwenye mfereji mmoja chini ya ukuta. Mama alipanda hapo. Shule nzima inatawadha mara tano kwa siku, yeye amekaa anasoma.

Halafu Mama Hinda akasema jambo jingine. Kwamba kidato cha nne mama aliacha Kilimo, na fomu ilitiwa sahihi na kaka yake aliyekuwa chuo kikuu.

Ni kweli, Abti? Kama ni kweli, basi ukali wote wa barua ile ulikuwa ukimwandikia nani?

Fomu mpya imo humu.

Mpwa wako,
Ugbad


Balambala,
17 Februari 2026

Abti Ugbad,

Salaam. Tuko salama. Ramadhani imefika mlangoni, na ayeyo anachagua tende kama anayechagua mkwe.

Ni kweli. Mwaka wa tisini na tisa. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimesoma vitabu vitatu vikanipanda kichwani, na baba yetu alikuwa malishoni kama wako. Anab aliniuliza tu kama aache somo moja, kwa kuwa wenzake walikuwa wakiacha. Hakusema lipi. Mimi ndiye niliyeandika Kilimo. Nilimwambia binti wa wafugaji hahitaji kusomeshwa mbuzi, ashike somo lenye dunia ndani yake, kama Jiografia. Hakubishana. Akiwa na raha alibisha mpaka jua likazama. Aliponyamaza, ujue umemuumiza.

Agosti nilikuja likizo, nikaenda langoni. Alitoka na fungu la kunde amelifunga kwa uzi. Alikuwa ameendelea kupanda. Hakuna aliyempa alama, na ilikuwa bustani nzuri kuliko zote pale. Nilitaka kusema kitu. Nikaongea siasa mpaka kengele ikalia. Baada ya hapo nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kukisema, na sikukisema.

Nimetia sahihi. Mstari wa jina la somo nimeuacha wazi, safari hii mkono wangu usiuguse. Wala usinieleze sababu.

Samahani kwa mbuzi.

Abti wako,
Kerrow


Garissa,
24 Machi 2026

Abti Kerrow,

Idi njema kwako, kwa ayeyo na kwa goti lake. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima. Nilitaka kwanza nione kama kunde zitaota.

Fomu niliipeleka tarehe 26, siku moja kabla ya mwisho. Naibu wa mwalimu mkuu aliisoma, akaniangalia. "Mjomba wako anajua?" Nikamwonyesha sahihi.

Nimeacha Jiografia.

Usirushe birika. Ulisema nisikueleze sababu, lakini Kemia imepata saa zake, na Kilimo hakinichukulii muda tena. Nilipanda upya siku ya tatu ya Ramadhani, palepale kwenye mfereji. Mfungo wote watu walitawadha kwa sala tano, wengine wakarudia kwa tarawehe. Miche ni sitini. Mbuzi anafungwa upande wa jikoni kwa kamba niliyoipima mwenyewe, na maziwa yake tumefuturia.

Mwalimu wa Biolojia bado anatusaidia kwa Kilimo. Juzi aliuliza tena habari za kukamua. Niliandika kigoda, nikaandika maji ya uvuguvugu. Nafasi ilibaki, nikaongeza mstari kuhusu chuchu mbili za ndama. Nimepata sabini na mbili. Mstari huo hakuupa alama, wala hakuukata.

Tunafunga shule Alhamisi, tarehe 2.

Mpwa wako,
Ugbad


Balambala,
29 Machi 2026

Abti Ugbad,

Salaam. Sote wazima.

Miaka kumi na minane nimesimama mbele ya ramani, nawe umenifuta kwa kalamu ya buluu. Nilianza barua ya kurasa nne. Ayeyo akauliza namwandikia nani kwa hasira hivyo. Nilipomweleza, alicheka mpaka akasahau goti, akasema, "Huyo ni Anab, ila huyu anajibu." Kurasa nne nimezitia motoni.

Alhamisi nitakuja kukuchukua mwenyewe, kwa lori la Dekow. Mwambie Mama Hinda amfunge mbuzi mbali. Tutafika hapo adhuhuri ikikaribia. Dekow ana kawaida ya kusimama njiani abiria watawadhe. Mimi sitatawadha njiani, nitangoja mabomba ya msikiti wenu.

Abti wako,
Kerrow