Hukuwa Nanga, Shee

Shee, mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Nakuandikia kwa herufi kubwa kwa sababu macho yamechoka. Ulikuwa ukisema barua zangu zasomeka kama ubao wa darasani. Hii nayo itakuwa hivyo, nivumilie. Nina jambo la kukueleza, na wajua siwezi kueleza jambo bila kuanzia mbali.

Mkeo Mwanaesha hajambo. Anakaa na binti yenu Zuhura hapa Mombasa, na nyundo yako ya kalafati, ile ya kuzibia mianya ya mashua, ameiweka dirishani, hataki mtu aiguse. Mwezi uliopita Khadija wako alikuja kutoka Ulaya. Huko ni muuguzi, katika wodi ya wazee wenye maradhi ya ubongo. Siku moja baada ya chakula cha mchana alitutilia kanda ya arusi ya Zuhura, tukawa twacheka nguo zetu za wakati ule. Kisha ukatokea wewe.

Umefika mlango wa ukumbi na kanzu yako nyeupe, ukasimama. Watu wanakupita, na mmoja anakwambia, "Nanga, ingia." Miguu imeganda. Usoni mwako hamna hasira wala furaha. Mara ngoma ya kirumbizi ikaanza ndani, nawe ukavuka kizingiti kwa hatua ndefu kama kijana. Nyuma yako nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Kumbe miguu ya karamu unayo. Ya kuhama ndiyo huna."

Sisi sote sebuleni tulicheka. Khadija hakucheka. Alirudisha kanda nyuma, akatazama tena, akarudisha tena. Akasema, "Baba mkubwa, baba alikuwa mgonjwa. Watu hawa nawaona kila siku kazini. Mlangoni huganda. Wakisikia mdundo hutembea."

Akaniuliza mkono wako ulianza lini kutetemeka. Nikamwambia ni miaka miwili kabla ya vita, na kwamba tuliona ni mchezo, kwa kuwa ulitetemeka umepumzika na ukishika nyundo ukatulia. Akauliza kama ulikuwa ukisikia harufu. Hapo Mwanaesha aliinua kichwa. Alikumbuka ugomvi wenu kule kisiwani kwetu Kudhaa, ulipoacha kopo la sifa wazi karibu na chungu cha wali. Sifa ni mafuta ya papa ya kupaka mashua, yananuka hata jirani anafunga dirisha, nawe ukaapa kwamba husikii kitu. Alidhani wamdharau.

Basi ugonjwa wako una jina, Shee. Waitwa Pakinsoni. Khadija alipoanza kunieleza asili yake alisita, akanitazama. "Si wewe uliyetuchorea mitokondria ubaoni, Kismayo?"

Ndiye mimi. Miaka mingi nilizichora, kwa chaki, nikazieleza kwa Kisomali kwa watoto wa watu. Na wewe nilikueleza kwa Kibajuni, siku ile niliporudi Kudhaa likizo nikakukuta umechuchumaa chini ya mashua, unaziba mianya ya mbao. Nilikwambia kwamba mwili umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa jicho, viitwavyo seli, na kila seli ina vijiko vyake, yaani majiko madogo mno, vya kuunguza chakula ili ipate nguvu. Vijiko hivyo ndivyo mitokondria. Hukuacha kugonga. Ukauliza, "Na moshi wake, Kaka, hutokea wapi? Hakuna jiko lisilo moshi."

Nilikucheka. Nikasema hilo halimo kitabuni.

Limo sasa. Khadija aliniletea makala, na nimezisoma polepole kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi, na seli zake ndizo zinazotoa maji fulani yanayowezesha mwendo wetu kuanza na kuendelea bila kufikiri. Seli hizo zina matawi mengi mno, kwa hiyo zinahitaji nguvu nyingi, na vijiko vyake havipoi. Kijiko kikichakaa hutoa nguvu kidogo na moshi mwingi, nao moshi huo ni sumu inayoila seli kutoka ndani. Seli yenye afya hukitambua kijiko kibovu, hukizingira na kukisaga. Kazi hiyo ikishindwa, vibovu hurundikana, seli hufa moja baada ya nyingine, na mpaka mkono uanze kutetemeka, zilizokufa ni nyingi tayari. Wataalamu bado wanajadiliana kama vijiko ndivyo vinavyoanza kuharibika, au vinaharibiwa na jambo jingine lililotangulia. Sitaki kukudanganya kwamba wamemaliza.

Wewe ungenielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Hukupata kuziba juu ya pamba iliyooza. Ulichokonoa kwanza, mpaka mbao safi zionekane, ndipo ukatia pamba mpya na sifa. Ulikuwa ukisema fundi anayeziba juu ya uozo anaandaa mazishi ya wenzake. Ubongoni mwako ile kazi ya kuchokonoa ndiyo iliyolala. Hukuwa na amri nayo, kama nisivyo na amri na moyo wangu udunde.

Sasa nije kwenye asubuhi ile. Nimezunguka kwa makusudi.

Wenye bunduki walikuwa wameshapita kisiwa cha Koyama, na kila mtu alijua kwamba baada ya hapo ni sisi. Mashua ilikuwa imesimama mbali kidogo, maji yanakupwa, na nahodha anapiga kelele kwamba yakizidi kutoka tutakwama. Watu wote wameingia. Mama tumempakia, amelala juu ya mkeka, tayari dhaifu kwa homa. Umebaki wewe, pale mchanga unapokutana na maji, mkoba wa kazi begani. Unatazama miguu yako.

Nilirudi kukuvuta mkono. Ulisema, "Kaka, ngoja. Yaja." Mama aliniita kutoka ndani ya mashua, "Usimvute. Mngoje mwenzio." Mimi nilikuwa naogopa, Shee. Nakuambia sasa, sikuwahi kumwambia mtu. Na mwalimu akiogopa hutafuta wa kumcheka. Nikasema kwa sauti ya darasani, wote wasikie, "Umekuwa nanga? Ng'oka twende." Watu walicheka kwa hofu yao. Tukakubeba kwapani, mimi na mwanamume mwingine, kama gunia, mkeo na wanao wakitazama.

Tulikwama kwenye fungu la mchanga mpaka alasiri, juani, maji ya kunywa yakiisha. Mama alikata roho kabla hatujafika Kiunga, upande wa Kenya. Tulipomzika nilikwambia, "Haya ndiyo matunda ya kukusubiri wewe." Jina la Nanga likahama nawe hadi kambi ya wakimbizi, likaja Mombasa, watoto wakakuita hivyo bila kujua lilikotoka. Nani angebisha? Mimi ndiye msomi wa ukoo. Nikisema mtu ni mwoga, basi ni mwoga.

Na mkoba ulikuwa begani mwako. Hilo ndilo linaloniondolea usingizi wa mchana. Nyundo ilikuwa mle. Ningeitoa nikagonga ubavu wa mashua, ko, ko, ko, kwa mdundo uliotembea nao maisha yako yote, huenda ungekuja kwa miguu yako.

Kuna jambo moja zaidi nililisoma, nikafunga makala. Vijiko hivyo hatuvirithi kwa baba. Twavipata kwa mama peke yake. Sisemi maradhi yako yalitoka kwake, hakuna anayesema hivyo. Nasema tu kwamba mimi na wewe tuliwashiwa kwa kaa la jiko moja. Langu bado linawaka uzeeni. Lako lilikuwa likizimika mbele yangu, na mimi nikaliita uvivu.

Ulipokuwa kitandani mwisho wako, sauti imebaki kama ya mtu anenaye na mto, uliomba nisogee. Ukasema, "Kaka, niwie radhi. Niliwachelewesha, na Mama akafa." Nikakushika mkono nikajibu, "Nimekusamehe." Nilitoka chumbani nikijiona mwema. Nilikuacha ukazikwa na kosa ambalo halikuwa lako, na juu yake nikaweka msamaha wangu, pamba mpya juu ya uozo.

Ijumaa hii twakusomea hitma. Watakuwapo watu wa Kudhaa waliobaki, na wajukuu wanaokujua kwa jina lile tu. Kabla ya dua nitasimama. Nitawaeleza kama nilivyokueleza, taratibu, mpaka aliye mdogo kuliko wote aelewe. Kisha nitasema nani aliyekuita Nanga, na kwa nini. Atakayelitamka tena nitamsahihisha muda wote nitakaokuwa hai.

Na msamaha wangu naurudisha, ndugu yangu. Sikuwa na haki ya kuutoa. Radhi naitaka mimi kwako, nami nitaingoja bila kukuvuta mkono.

Lala salama, Shee. Ukiwa na Mama, mwambie alisema kweli pale mashuani, na kwamba mwanawe mkubwa amesikia sasa.

Kaka yako