Sufuria Kifudifudi Mlangoni

Mama yangu,

Nimeandika na kalamu ya Poni, ile ya shule, kwa hiyo kama wino unakatika usinicheke. Huyu Poni hukumwona. Ana miaka sita. Nilikaribia kumpoteza mwezi huu, na ni kwa sababu ya ile sufuria yako. Acha nikueleze vizuri.

Tulirudi Juba baada ya amani kusainiwa, na lori, wewe ukabaki Kakuma kwenye mchanga ule. Sasa tunakaa mtaa wa Lemon Gaba. Baba Poni anaendesha tangi la maji na bado sisi wenyewe tunakosa maji, wewe ungecheka hiyo. Mimi nakaanga chapati asubuhi, nauzia wajenzi. Nina Poni, nina Wani wa miaka mitatu, nina huyu mdogo anayenyonya. Mama, siku zingine naamka na nimeshachoka. Naogopa hata mtoto akisema "mama," kwa sababu najua baada ya hiyo "mama" kuna kitu anataka.

Alhamisi moja Wani alikuwa na malaria siku ya tatu. Pipa lilikuwa limebaki maji ya chini kabisa. Poni akachota akamwaga. Nikamchapa. Si kofi la kufundisha, mama. Nilimchapa kama mtu mkubwa mwenzangu, na baadaye nikaangalia mkono wangu kama ni wa mtu mwingine.

Hapo ndipo nikakumbuka. Nikatoa sufuria kubwa, nikailaza kifudifudi mlangoni kama ulivyokuwa unafanya, nikamwambia Poni asiniulize kitu mpaka niiinue. Nikaketi nyuma ya nyumba kwenye mkeka na mtoto kwenye titi.

Si unakumbuka ulivyoanza? Ulipanga foleni ya mahindi tangu alfajiri, ukafika dirishani, yule wa ofisi ya mgao akafunga dirisha akaenda kula. Ulirudi nyumbani ukageuza sufuria ukasema, "Kama wao wanafunga, hata mimi nafunga." Ukalala ukiangalia ukuta mpaka kivuli kikafika mlangoni. Kesho yake tena. Majirani wakazoea. Hata yule mama Msomali wa uzio wa pili akija kuomba chumvi, akiona sufuria imelala, anarudi polepole. Mimi nilikua nikidhani ni sheria ya dunia nzima.

Kumbe ni ya kwetu tu.

Siku hiyo hiyo haboba akaja kutoka Rejaf, mama yake Baba Poni, yeye na wifi yangu, na samaki, na karanga kwenye gunia. Amepanda gari kwenye vumbi na jua lile. Anafika mlangoni kwa mtoto wake anakuta sufuria imeangalia chini, kama kumwambia mgeni hapa huli. Na Poni anawaambia na Kiarabu chake kizuri kwamba mama amesema asiulizwe kitu mpaka sufuria iamke.

Nilisikia sauti yake, nikatoka mbio, lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Haboba hapigi kelele. Akasema tu, "Mama Poni, kama umechoka na watu, huyu msichana nitaenda naye. Rejaf kuna maziwa." Halafu akaona alama shavuni kwa Poni. Akaingia ndani, akaanza kufunga nguo za mtoto kwenye kitambaa.

Mama, Kiarabu chote kilinitoka. Nikaanza kuongea tu, Kiswahili, Kiarabu, vyote pamoja, wifi akinisaidia pale ninapokwama. Nikasema alama ile ni mkono wangu. Nikamwambia habari zako. Foleni, dirisha, sufuria, sisi watano, baba hajulikani aliko. Na nilipokuwa nahesabu watoto kwa vidole ndipo nikasikia ninachosema. Ulikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi nina ishirini na tano. Mama, ulikuwa msichana! Nilikuwa nakuona kama mlima, kumbe ulikuwa msichana mwenye watoto watano kwenye upepo ule, na hata siku moja hukunipiga hivyo.

Haboba alikuwa ameacha kufunga.

Akauliza, "Na hakuna aliyemsumbua?"

Nikasema hakuna.

"Hata mgeni?"

"Hata mgeni."

Akasema, "Mimi vita vyote nilikuwa hapa hapa Juba. Watoto saba. Sikujua mtu anaweza kufanya hivyo."

Akafungua kitambaa, akarudisha magauni ya Poni, moja moja. Akamtuma wifi aparue samaki nje na akae na Wani. Akavua viatu akaja nyuma ya nyumba, akaketi kwenye mkeka wangu. Akauliza sasa tunafanya nini. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Hakuna kabisa?" kama mtu aliyepewa kitu na anatafuta mwenyewe wa kumrudishia. Baada ya muda akalala. Mama, alikoroma! Mimi niliketi nikiangalia miguu yake, nyufa za kisigino zile, nikaogopa hata kupumua, kama niko kanisani.

Kabla ya kurudi Rejaf aliniuliza jina lako. Miaka saba ya ndoa, hakuwahi kuuliza. Jumapili tukaenda kanisani kwao, na kwenye maombi ya marehemu akataja mume wake, akataja wanawe wawili, halafu akakutaja wewe, jina lako lote, kwa sauti. Watu wa Rejaf ambao hawakukujua wakasema amina.

Pumzika, mama. Nauli ikipatikana nitakuja kung'oa ile miiba ya kaburini kwako. Lakini ahadi yangu si hiyo. Ahadi ni kwamba Poni anakaa na mimi, na nikichoka nitasema nimechoka, kwa mdomo, mapema. Mkono huu kwake utakuwa wa kusuka nywele. Sasa hivi ameketi hapa na kitana, ananingoja.

Mimi mtoto wako,
Mama Poni