Dhamana ya Sharifu Mhina

Jumanne, 9 Julai 2024
Abdi wa Misima amefariki alfajiri, hospitali Korogwe. Ni yule aliyepigwa mpini wa jembe na jirani yake, Sharifu Mhina, mwezi uliopita, wakigombea mpaka wa shamba. Sharifu yuko nje kwa dhamana, shtaka la kujeruhi. Jumatatu litabadilishwa kuwa mauaji. Mauaji hayana dhamana. Na akitiwa hatiani, adhabu ni moja tu — kunyongwa hadi kufa.

Joyceline, mhariri wangu, kapiga simu. Anataka makala: mjadala wa adhabu ya kifo, Katiba inasemaje. Ataipata. Sikumwambia kwamba tarehe 29 Juni nilimwona Abdi sokoni, bandeji kichwani, anabishania bei ya muwa kwa sauti kubwa. Mtu wa kufa hakuwa.

Jumatano, 10 Julai
Mazishi yalikuwa jana alasiri. Mwaija, mke wa Sharifu, alipeleka sanda na debe la unga. Kosa! Muhidini, mdogo wake marehemu, aliinua kitambaa watu wote wakaona.

"Muuaji kaleta sanda mwenyewe! Kukiri gani kunazidi huku?"

"Jirani afe nijifungie ndani, shemeji?" Mwaija alisema. "Ningejifungia mngesemaje?"

Askari kanzu alikuwepo. Akaandika la Muhidini. La Mwaija hakuandika.

Mbona Muhidini alipaza sauti baada tu ya kumwona askari?

Ijumaa, 12 Julai
Handeni mjini. Semboja, wakili wa Sharifu, anaijua Katiba kwa moyo: mtu asitendewe kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

"Imeandikwa vizuri, mama. Lakini shtaka likishageuka, hakimu hata akitaka kumwachia, hawezi. Atakaa mahabusu mpaka upelelezi ukamilike. Mwaka. Miwili. Nipe kitu kabla ya Jumatatu."

Nikapita dukani kwa Taher, mdhamini wa Sharifu. Ndiye aliyeweka hati ya nyumba.

"Akikimbilia milimani Vugiri, mimi na watoto tunahamia kwako, mwandishi."

Nikamwuliza kama Sharifu atakimbia.

"Mimi ningekimbia," akasema, akaendelea kupima sukari.

Jumapili, 14 Julai
Korogwe. Muuguzi Grasiana amekubali kuzungumza, dakika kumi, jina lake nisilitaje. Abdi aliruhusiwa tarehe 24 Juni, akatoka kwa miguu yake. Tarehe 6 Julai Muhidini akamrudisha, hajitambui. Jeraha jipya, upande mwingine wa kichwa. Lina kokoto ndani.

Majeruhi wa namna hiyo hutakiwa kuja na PF3, fomu ya polisi. Muhidini alitoa ile ile ya Juni. "Kidonda cha zamani kimefumuka," akasema. Zamu ilikuwa na wagonjwa wengi. Jeraha la pili likaandikwa chini ya fomu ya kwanza — fomu yenye jina la Sharifu.

Nikaomba kuipiga picha fomu hiyo. Kakataa. Ana haki. Kazi itamponyoka.

Ninacho, na sina. Mnong'ono wa muuguzi si ushahidi. Na je, kama Grasiana naye ana lake? Sijui. Nimemwandikia ujumbe: nimwambie wakili? Hajajibu.

Jumatatu, 15 Julai
Mahakamani, benchi la nyuma. Naandika hapa hapa.

Saa tatu kasoro Sharifu hayupo. Taher anafuta miwani mara ya nne. Saa tatu kamili — huyo! Kaja mwenyewe, blanketi kwenye mfuko wa rambo. Mwaija nyuma yake. Taher katikisa kichwa: "Mjinga huyu. Mjinga mwaminifu."

Muhidini kaja kukaa kando yangu. Nafasi tele mbele. "Shikamoo mama." Marahaba. Mkono wa shati umepanda — kovu bichi, kutoka kiwiko hadi kiganja, ngozi imekwanguka kama kwa kokoto.

"Umeanguka wapi?"

"Shambani." Kashusha shati. Kisha, polepole: "Na wewe mama, jana Korogwe ulimfuata nani?"

Safari ya Korogwe sikumwambia mtu.

Simu: Grasiana. Neno moja. "Mwambie."

Mwendesha mashtaka kasimama, karatasi mpya mkononi. Sharifu kashika ukingo wa kizimba. Semboja kanigeukia, anasubiri. Muhidini anainama asome ninachoandika. Nasimama kumwendea Semboja.