Maji ya Mchana kwa Bi Zuhura

Dada Neema, shikamoo. Huko Njombe mnaota moto. Sie Mbagala tunajipepea kwa magazeti.

Namtafsiria Danieli, kijana wa ng'ambo aliyekuja kwa muda mfupi kuhubiri Injili. Kila nyumba wanatukaribisha vizuri, wa kumsikiliza ndiyo hakuna, na safari yake inaisha. Leo, mchana wa Ramadhani, kasimama njiani akagugumia maji. Bi Zuhura, mama wa Kizaramo, akamvuta ndani.

"We mtoto, nywea humu, nje watakusema!" Na yeye mwenyewe kafunga.

Danieli akaiva uso, mahubiri yote yakamtoka kichwani. Akauliza tu amwombee nini.

"Mwanangu yuko hospitali ya Mwananyamala, ana uchungu tangu alfajiri. Omba, Mungu Kizungu anakijua."

Akaomba kwa ufupi. Kwa mara ya kwanza nikatafsiri bila kupunguza.

Jioni Bi Zuhura alituita tufuturu, uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi. Habari zilishafika: mjukuu wa kiume, mama mzima. Akamjazia Danieli bakuli.

"Kula. Kesho njoo unieleze habari za huyo Isa wako. Leo nina furaha, sitasikia vizuri."

Danieli ameshapiga pasi shati. Wakumbatie watoto, na mtuombee kesho.

Mdogo wako, Zakaria