Moja ni Kulia, Mbili ni Kushoto

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisubiri. Mtihani ni Jumatatu saa tatu asubuhi, na kuna swali moja ninalolikosa kila ninapofanya mazoezi. Swali lenyewe ni wewe.

Nianze na kazi yangu, maana hukuwahi kuielewa. Uliwaambia wenzako kijiweni, "Somoe anayapigia macho hesabu." Hukukosea sana. Daktari akishampima mgonjwa huandika maneno yake na kuchora macho mawili kwenye karatasi. Mimi kule masjala nayageuza maneno yale kuwa namba, ili popote faili litakapokwenda wajue mtu anaumwa nini na afanyiwe nini. Mtoto wa jicho ana namba yake. Presha ya macho ina yake, inaanza na H40. Kisha huja tarakimu ya upande: moja ni kulia, mbili ni kushoto, tatu ni yote mawili. Sasa natafuta cheti cha kazi hiyo, cha macho peke yake. Unajua niliingia kliniki ile na ufagio mkononi. Miaka minne nimepiga deki huku nikisoma majalada ya watu. Waliokuja na vyeti vya chuo mpaka leo wananiita Mama Deki, na makosa yao nayasahihisha mimi. Hilo sijalisamehe.

Kwenye mazoezi napata themanini na kitu kwa mia. Nimeyachambua makosa yangu ya wiki mbili: kumi na saba, na kumi na manne kati ya hayo ni jicho la kushoto. Nalisoma neno "kushoto", nalielewa, na mkono unaandika moja. Kwa sababu likifika tu, unakuja. Saa ya chakula wenzangu wakishatoka, unavuta kile kiti cha plastiki, unakaa mbele yangu, unaziba jicho la kulia kwa kiganja kama nesi alivyokuelekeza, unangoja. Husemi kitu. Afadhali ungesema.

Habari za nyumbani. Mikorosho yako tumempa mtu aipulizie salfa, kwa bomba lake. Lako liko palepale barazani na hakuna aliyethubutu kuliazima. Mama aliniuliza miti ni mingapi, nikamjibu bila kufikiri: mistari kumi na minne, kila mstari miti tisa, mia moja ishirini na sita. Wewe ndiye uliyenihesabisha nikiwa darasa la pili. Ulikuwa unapuliza, uso wote wa njano kwa unga, na mimi nimesimama mbele yako nikuonyeshe mti uliorukwa. Ukisema kulia, mimi nakwenda kushoto. Ukazima bomba ukacheka mpaka ukakohoa. "Ukitaka kujua kulia kwa mtu, simama nyuma yake. Anayekutazama usoni atakupoteza." Hapohapo chini ukaniandikia moja kwa kijiti, moja yenye kofia na kiatu, ukasema moja isiyo na kiatu huanguka. Mpaka leo naiandika hivyo.

Ulipofariki nilikuwa na orodha ya wenye makosa. Wa kwanza madaktari wageni wanaokuja kwa awamu kufanya upasuaji. Walikuweka kwenye orodha ya presha ya macho, jicho la kushoto, wakakurudisha nyumbani siku yenyewe. Mimi nilikuwa Masasi kwenye semina. Niliporudi uliniambia tu, "Wamesema nije awamu nyingine," kama mtu aliyeambiwa sukari imeisha dukani. Awamu nyingine ilikuja baada ya miezi mitano, na presha ya macho ikishakula hairudishi. Wa pili mwendesha bodaboda aliyekugonga pale unapokatia kuingia Mikindani. Anaapa alipiga honi. Alikuja kutoka kushoto. Wa tatu, unisamehe, wewe mwenyewe. Mwaka mzima unalisugua jicho na kusema, "Salfa tu hii, itatoka."

Siku ya kuanua tanga watani walifanya yao. Bi Mwanahawa, Myao yule mwenye mdomo, alivaa kofia yako, akafumba jicho la kushoto, akatembea shingo imepinda kama ulivyotembea miezi yako ya mwisho, mpaka akaliparamia sufuria la wali. "Nani kauhamisha mlango? Jana si ulikuwa hapa?" Watu wakafa kwa kicheko. Mama alicheka akiwa na machozi. Nilitaka kumvua ile kofia, lakini mtani hakasirikiwi, hasa msibani. Kisha akaja akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti yako, ile ya kukwaruza: "Mwipwa wangu, nilikukabidhi macho mawili uyahesabu. Mbona nimezikwa na moja?"

Nilimpa kanga kama desturi inavyotaka, akapokea, akacheka, akapita. Nikadhani yamekwisha.

Mwezi uliopita niliomba mafaili ya zamani nijipime. Nilikuwa nafunika jina kwa kipande cha karatasi, nasoma maneno ya daktari, naangalia mchoro, naandika namba yangu, halafu nalinganisha na ile iliyoandikwa kwenye fomu. Likaja moja. Mchoro: jicho la kushoto limezungushiwa wino mwekundu. Maneno: kushoto, haraka. Fomu ya upasuaji: H40, na upande umeandikwa moja. Chini yake mkono mwingine umeandika kwamba fomu na mchoro haviafikiani, mgonjwa aondolewe kwenye orodha ya leo, apimwe upya awamu ijayo. Na hiyo ndiyo sheria, Mjomba, na ni sheria nzuri. Jicho ambalo karatasi zake zinagombana haliguswi.

Nilicheka. Nilisema kwa sauti, mwenyewe mle ndani, "Huyu aliyeandika alikuwa amelala." Ndipo nikaitazama ile moja. Ina kofia. Ina kiatu.

Sikuhitaji kuondoa karatasi nione jina. Niliiondoa.

Nakumbuka yote ya siku niliyoijaza, kabla sijakwenda Masasi. Ulikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, foleni imefika mlangoni. Nikasema mjomba wangu hawezi kungoja kama mtu asiye na mtu. Nikakuingiza masjala, nikakuketisha kwenye kile kiti mbele yangu, nikaijaza fomu yako mimi mwenyewe kabla faili halijatoka kwa daktari. Fomu za wengine wote nazijaza nikiwa nasoma karatasi. Yako niliijaza nikiwa nakutazama usoni. Jicho bovu lilikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Nikaandika moja. Nikajiona mtu wa maana sana, nimekuokolea nusu siku.

Nusu siku, Mjomba.

Wiki tatu nilikaa na faili lile kifuani. Hakuna aliyenishuku na hakuna ambaye angenishuku. Siku ya maziko walisimama wakawaomba watu wakusamehe kama uliwakosea, na watu wakaitikia wamekusamehe. Hakuna aliyeuliza kama yupo aliyekukosea wewe. Ningeweza kukaa kimya mpaka mtihani upite, mpaka cheti kitoke, mpaka nizeeke nacho ukutani. Lakini yule mtu wa bodaboda huja kila Ijumaa baada ya swala. Ana watoto watatu, ameacha kupakia abiria. Husimama nje ya ua anabisha hodi, na mama hamkaribishi. Humwacha juani mpaka aondoke mwenyewe. Ijumaa tisa nimezihesabu. Tatu za mwisho mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nikijua kwamba sehemu ya jua lile ni yangu.

Ijumaa iliyopita nilimwambia mama asubuhi, akiwa anamenya mihogo. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe, mchoro, fomu, moja na mbili. Nilijua atalia au atanifukuza. Alimenya muhogo ule mpaka mwisho, akachukua mwingine. Baadaye akauliza, "Yeye alijua?" Nikasema sidhani. Akasema, "Alijua. Aliniambia wamemrudisha kwa sababu ya karatasi, akaniambia Somoe asiulizwe."

Ulijua, Mjomba. Ulikwenda gizani miezi mitano ukiniambia awamu nyingine. Sijui nikushukuru au nikugombeze. Ungeniambia siku ileile nimerudi kutoka Masasi ningewapigia simu wale madaktari, ningewafuata hata Lindi na faili mkononi. Umenilinda kwa jicho lako, na mimi sikuomba ulinzi huo. Na ninajua ukinisikia utasema, "Basi, yameisha." Hayajaisha. Kwangu hayajaisha.

Mchana hodi ilibishwa. Nikaanza kuhesabu moyoni. Kisha mama akasema bila kunitazama, "Mpe kiti. Kivulini." Nikampelekea. Nikasimama mbele ya mtu yule, nikamwambia jicho lile lilikuwa haliioni barabara kwa sababu ya mkono wangu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Lakini mimi ndiye niliyekuwa na mwendo, dada." Tukabaki hivyo, kila mtu na fungu lake. Mama na mimi bado hatuzungumzi sawasawa. Huniambia "Kula," na mimi nakula.

Bosi wangu pia nimemwonyesha faili. Barua ya onyo naisubiri, na mtihani sitaufuta.

Jana nilijaribu maswali mia. Ulikuja, kama kawaida, ukaketi, ukaziba jicho. Safari hii niliinuka, nikazunguka meza, nikasimama nyuma ya kiti chako. Palikuwa na kiti tu, najua. Lakini nikiwa pale kushoto kwako kulikuwa kushoto kwangu. Nilirudi nikaandika mbili.

Jumatatu hawataniruhusu kuinuka, nitazunguka kwa moyo. Na nikirudi masjala, awe ndugu, awe mgeni, sitaandika upande wa jicho la mtu nikiwa nimemkalia mbele. Nitainuka kila mara, hata wakinicheka, hata foleni ikifika barabarani. Nakuahidi hilo hadi siku nitakayostaafu.

Lala, Mjomba. Ukitaka kuja, njoo. Nitakuwa nyuma yako.

Mwipwa wako,
Somoe